Wi-Fi haikuonekana: je, kompyuta yangu mpya imeikataa Linux?

"Habari ya kazi, mtaalamu. Nimenunua kompyuta mpakato mpya yenye Windows 11, prosesa ya AMD na RAM ya GB 16. Kwa muda mrefu nimetamani kuhamia mfumo endeshi huria, maana nimechoka na matangazo na kulazimishwa kuwa na akaunti. Rafiki aliniazima flashi yake yenye Linux Mint 21. Iliwaka vizuri, lakini Wi-Fi haikuonekana kabisa, wala Bluetooth. Ndani ya Windows kadi ya Wi-Fi imeandikwa MediaTek MT7925. Sasa kila ninayemuuliza ana lake: mmoja anasema Ubuntu, mwingine Fedora, wa tatu anasema mwanamume kamili hutumia Arch. Baba anasema rahisi ghali, na kwamba mfumo ambao msimbo wake unaonekana na kila mtu ni mwaliko kwa wezi. Naandika tasnifu ya uzamili, naikabidhi baada ya miezi minne, na msimamizi wangu hurudisha kazi kwa Word ikiwa na maoni pembeni. Je, mashine yangu haikubali Linux? Nichague ipi? Na nikifuta Windows niliyokwisha kuilipia, nitaweza kuirudisha?"

Salama, ndugu yangu, na hongera kwa mashine mpya. Naanza na lililokukatisha tamaa, kwa sababu ukilielewa hilo, swali la nichague ipi litakuwa jepesi. Kompyuta yako haijaikataa Linux. Imewekewa Linux iliyotengenezwa kabla kadi yake ya Wi-Fi haijapata msaada wowote, na flashi ya rafiki yako haikuwa na namna ya kuijua.

Chini ya kila distro, yaani kila toleo la Linux lenye jina lake, kuna programu moja inayozungumza na vifaa moja kwa moja: kerneli. Kerneli ndiyo inayojua namna ya kuiamsha kadi ya Wi-Fi, kuzungusha feni, kupunguza mwanga wa skrini na kuilaza mashine unapofunga kifuniko. Kwenye Windows umezoea draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, kuletwa na mtengenezaji wa kifaa, ama zikiwa zimewekwa tangu kiwandani ama zikipakuliwa baadaye. Linux imejengwa tofauti: draiva karibu zote zimo ndani ya kerneli yenyewe na husafiri pamoja nayo. Faida yake ni kubwa, kwani vifaa vingi hufanya kazi dakika ileile unapowasha, bila kutafuta chochote. Hasara yake ndiyo uliyoiona. Kamusi iliyochapwa mwaka 2021 haitakuwa na neno lililozaliwa mwaka 2024, hata kama ni kamusi bora kuliko zote.

Tazama tarehe uone. Mint 21 ilitoka Julai 2022 ikiwa na kerneli 5.15, ambayo ni ya Oktoba 2021. Draiva ya MT7925 iliingia kwenye kerneli 6.7, iliyotoka Januari 2024. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka miwili. Bluetooth nayo imo kwenye kadi hiyohiyo, ndiyo maana vilipotea pamoja. Hakuna amri ambayo ungeiandika usiku kucha ikaifanya flashi ile ione kadi yako, kwa hiyo usijilaumu kwamba hukujua la kufanya.

Ndiyo sababu siwafuati wenzako wanaobishania majina. Mtu mwenye kompyuta ya miaka minne au mitano anaweza kuchagua karibu distro yoyote kwa kuipenda sura yake, na mambo yakaenda. Wewe mwenye mashine mpya una swali moja linalotangulia mengine yote: kerneli iliyomo ndani ya toleo hili ni ya lini? Iwe imetoka baada ya vifaa vyako kuingia sokoni, na ikiwezekana miezi kadhaa baadaye, kwa sababu draiva ikiwa changa huwa na kasoro zake: mtandao unakatika, kasi iko chini, au kadi haiamki mashine inapotoka usingizini. Marekebisho huja katika kerneli zinazofuata. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, kwa hiyo hata nusu mwaka ni tofauti kubwa.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Jina la distro peke yake halikuambii umri wa kerneli. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024 ikiwa na kerneli 6.8. Ubuntu 24.04.3, iliyotoka Agosti 2025, inaitwa kwa jina lilelile isipokuwa tarakimu moja ya mwisho, lakini ina kerneli 6.14. Anayepakua faili ya kwanza kwa sababu aliikuta kwenye flashi ya mtu, na anayepakua ya tatu kutoka tovuti rasmi, wote watasema wamejaribu Ubuntu 24.04, na watakuwa na hadithi mbili tofauti kabisa juu ya kompyuta ya aina moja. Kwa hiyo mrudishie rafiki yako flashi yake kwa shukrani, upakue mwenyewe toleo la karibuni kabisa.

Sasa tuzipime hizo ulizotajiwa, nami niongeze mbili.

Mint uliyoiona inakufaa bado, ila iwe mpya. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na Mint 22.2 ya Septemba 2025 ilikuja na kerneli 6.14, ambayo inaijua kadi yako. Mfululizo huo wa 22 unahudumiwa hadi 2029. Menyu yake iko chini kushoto, madirisha yana vitufe pale mkono wako ulipozoea, na programu ya masasisho inakueleza inachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Haina matangazo, haikuombi akaunti. Udhaifu wake kwa kompyuta mpya ni skrini. Kama skrini yako ina nukta nyingi sana na unahitaji kukuza maandishi kwa asilimia 125 au 150, au kama utaunganisha skrini ya nje yenye ukubwa tofauti, mazingira ya Cinnamon, yaani sura na madirisha ya Mint, hayajafikia wenzake. Hapo Ubuntu au Fedora zinashinda.

Ubuntu ndiyo yenye msaada mwingi kuliko zote: ukikwama na jambo, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwingine alishakwama nalo na jibu limeandikwa. Matoleo yake ya muda mrefu hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili na huhudumiwa kwa miaka mitano. Sura yake ni tofauti na Windows, lakini siku chache zinatosha kuizoea. Watu hulalamikia mfumo wake wa kufungasha programu unaoitwa Snap, na mimi pia siupendi, ila kwa mtu anayeandika tasnifu hilo si jambo la kumnyima usingizi.

Fedora ina kerneli mpya karibu wakati wote, kwani huiongeza hata katikati ya maisha ya toleo. Kwa kompyuta iliyotoka kiwandani juzi, ndiyo kimbilio langu. Lakini ujue gharama yake: toleo jipya hutoka takribani kila miezi sita, na kila moja huhudumiwa miezi 13 hivi, kwa hiyo angalau mara moja kwa mwaka utapandisha toleo zima. Masasisho ni mengi na yanakula data. Pia kwa sababu za hataza, baadhi ya video hazichezi, au hucheza huku zikimaliza betri, mpaka uongeze hazina ya nje, yaani ghala la programu lisilo la Fedora wenyewe, inayoitwa RPM Fusion. Si kazi ngumu, lakini ni kazi.

Debian 13 ya Agosti 2025 ina kerneli 6.12 na ni imara kama mwamba. Jihadhari tu usije ukapewa Debian 12, ambayo kerneli yake 6.1 ingekurudisha palepale pa Wi-Fi isiyoonekana. Kuhusu Arch, hakuna uanaume ndani yake, kuna kusoma maelezo tu. Ni mfumo mzuri kwa anayetaka kujifunza kila kiungo cha mashine na ambaye hana tarehe ya kukabidhi kazi. Wewe unayo.

Ushauri wangu basi: anza na Mint 22.2 au mpya zaidi ya hapo. Ikipita majaribio nitakayokueleza, chukua na usitazame nyuma. Ikishindwa kwenye skrini, nenda Ubuntu ya karibuni. Ikishindwa kwenye kifaa chochote cha lazima, jaribu Fedora. Na ukishapata inayofanya kazi, acha kutafuta. Mchagua jembe si mkulima, na huku kwenye Linux wapo watu wanaobadili distro kila mwezi bila kuandika ukurasa mmoja.

Majaribio yenyewe ndiyo sehemu ambayo watu huiharakisha, nami nakuomba uipe jioni nzima. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, nayo itafutwa yote. Pakua faili kutoka tovuti rasmi ya distro, linganisha namba yake ya uhakiki ya SHA256 na ile iliyoandikwa huko, kisha iandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Washa kompyuta ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia, mara nyingi F12 au kimojawapo cha jirani zake, uchague flashi. Usizime Secure Boot, yaani kinga inayozuia mfumo usio na saini kuwaka, hata kama mtu atakuambia ni lazima: Mint, Ubuntu, Fedora na Debian zote huwaka nayo ikiwa imewashwa. Mfumo utafunguka bila kugusa diski yako. Usibonyeze alama ya kusakinisha bado.

Kwanza fungua dirisha la amri (Terminal) uandike:

uname -r

Utaona namba ya kerneli. Ikianza na 6.14 au zaidi, uko pazuri. Kisha:

lspci -nnk

Utaletewa orodha ndefu ya vifaa. Tafuta mstari unaoanza na "Network controller", ambao kwako utataja MEDIATEK na namba kama [14c3:7925]. Chini yake, kwa ndani kidogo, tafuta maneno "Kernel driver in use: mt7925e". Maneno hayo yakiwapo, kerneli imeishika kadi yako. Yasipokuwapo, ndilo jibu lako: toleo hilo halikufai, na huna haja ya kubishana na mtu. Ukirudisha ile flashi ya zamani utaona mstari wa kadi upo, lakini wa draiva haupo. Kwa macho yako utakuwa umeona tatizo lote lilivyo.

Baada ya hapo jaribu kwa mikono. Unganisha Wi-Fi ucheze video ndefu. Oanisha simu kwa Bluetooth. Fungua kamera, rekodi sauti yako uisikilize, bonyeza vitufe vya mwanga na sauti, telezesha vidole viwili kwenye padi ya mguso. Chomeka skrini ya nje kama unayo. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: angalia asilimia ya betri, funga kifuniko, ondoka kwa saa moja, rudi ufungue. Mashine iamke, Wi-Fi irudi, na betri iwe imeshuka kidogo tu. Kompyuta nyingi za siku hizi haziendi kwenye usingizi mzito wa zamani. Hubaki zimesinzia nusu, na hapo ndipo draiva changa huivujisha betri. Kama utaikuta ya moto na imeshuka asilimia 15, hilo ni kosa ambalo litakuudhi kila siku, na ni afadhali ulijue kabla ya kusakinisha.

Kisoma alama za vidole kikigoma, usishangae na usikihesabu. Vingi havina draiva huria, na nenosiri bado linafanya kazi. Upande wa picha una bahati: picha zinazotolewa na prosesa za AMD zina draiva huria ndani ya kerneli, tofauti na mwenye kadi ya NVIDIA ambaye mara nyingi huongeza draiva ya kampuni na kuidhinisha ufunguo wake kwenye skrini ya buluu inayojitokeza wakati wa kuwasha upya.

Sasa niseme na baba, kwa heshima yake. Rahisi ghali ni kweli dukani, lakini hapa kazi imelipiwa, ila si na wewe. Wahandisi wengi wa kerneli wanalipwa mishahara na makampuni kama Intel, AMD, Google na Red Hat, kwa sababu seva zao na vifaa vyao vinaitegemea. Hata draiva ya kadi yako, MediaTek wenyewe wamo katika walioiandika. Kerneli hii ndiyo iliyo ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani katika orodha ya TOP500 zinatumia Linux. Si kitu kilichookotwa.

Hofu ya wezi nayo si ya kijinga, na wanaojibu kwamba Linux haina virusi wanakudanganya. Machi 2024 kulitokea jambo lililotutisha wote. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea kwa miaka kama miwili kusaidia programu ndogo ya kubana faili iitwayo XZ, akaaminiwa, akapewa funguo, kisha akapachika mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Hakuwa akiwinda wezi. Aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachukua sekunde 0.8 badala ya 0.3, akakereka, akachimba. Tarehe 29 Machi akatangaza hadharani, na ndani ya saa chache distro zikaanza kuuondoa.

Kisa hiki kinampa baba haki upande mmoja: mwizi aliweza kuingia kwa sababu mlango wa kuchangia uko wazi. Upande wa pili, Freund aliweza kufuatilia nusu sekunde hadi kwenye chanzo chake kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwake pia. Kwenye programu iliyofungwa angeishia kuandika barua ya malalamiko. Na kuna jambo la tatu linalokuhusu wewe mchaguaji: matoleo yale mabovu yalifika kwenye matawi ya majaribio na kwenye distro zinazobadilika kila siku, lakini hayakuwa yamefika kwenye matoleo imara ya Debian wala Ubuntu. Kuchelewa kidogo nako ni ulinzi. Ndiyo maana nimekuelekeza Mint kwanza, yenye kerneli mpya kiasi juu ya msingi uliotulia, na siyo kile kilichotoka asubuhi hii.

Kwa matumizi ya kila siku, usalama wako utategemea mazoea matatu ambayo hayana ujanja. Programu zichukue kwenye hazina rasmi ya distro, ambako kila kifurushi hutiwa saini. Usizoe faili kutoka tovuti usizozijua. Masasisho yakija, yaruhusu. Na amri yoyote inayoanza na sudo, neno linaloipa amri mamlaka yote ya mfumo, usiibandike mpaka ujue inafanya nini, hata kama aliyekupa ni rafiki.

Tuje kwenye tasnifu, ambako nina wasiwasi kuliko kwenye Wi-Fi. LibreOffice, programu huria ya kuandikia, hufungua faili za Word, huonyesha maoni ya pembeni na mabadiliko yaliyofuatiliwa, na hukuruhusu kuyajibu. Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio: kurasa zinasogea, majedwali yanavunjika, yaliyomo yanapotea namba. Chanzo kikubwa ni fonti. Calibri na Cambria ni za Microsoft na hazimo kwenye Linux. Mahali pake kuna Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haisogei. Lakini Word mpya huanza na fonti iitwayo Aptos, na hiyo haina mbadala wa upana sawa. Kubaliana na msimamizi wako mtumie Times New Roman. Linux ina Liberation Serif inayolingana nayo kwa upana, na vyuo vingi vinaitaka hivyo hata hivyo.

Kama marejeo yako unayapanga kwa Zotero, programu hiyo ipo kwenye Linux na inafanya kazi na LibreOffice. Ila marejeo yaliyowekwa kupitia Word hayatambuliki moja kwa moja ukiifungua faili LibreOffice ukaihifadhi. Kuna amri ndani ya Zotero ya kuhamisha waraka kwenda programu nyingine ya uandishi, na usipoitumia unaweza kubaki na marejeo ambayo ni maandishi matupu yasiyojisasisha. Jaribu kwa nakala ya sura moja kabla ya kuhatarisha kazi nzima. Ukihitaji Word yenyewe, ile ya kwenye kivinjari hufunguka vizuri kwenye Linux ingawa imepunguzwa uwezo. Word ya kusakinisha haipo. Na kama chuo chako kinafanya mitihani kwa programu ya kufungia skrini, uliza mapema: nyingi zinataka Windows au macOS.

Kwa hiyo usifute Windows sasa. Hili nalisema bila kuzunguka: mwenye miezi minne ya kukabidhi tasnifu asibaki na mfumo mmoja asioujua. Weka yote mawili kwenye diski, mashine ikiwaka ikuulize unataka upi. Tumia Linux kwa kila kitu kingine, na sura za mwisho zipitishie Word kwenye Windows. Ukishakabidhi, ukiona umepita wiki kadhaa bila kuihitaji, ndipo ufute. Na wasiwasi wa kuilipia uutoe moyoni: kwenye kompyuta inayouzwa na Windows, ufunguo wa leseni huhifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe. Hata ukifuta diski nzima, siku ukitaka utapakua kisakinishi kutoka Microsoft bila malipo, utaweka toleo lilelile, iwe Home au Pro, nalo litajithibitisha lenyewe ukiunganisha intaneti.

Kuweka mifumo miwili ndiko kunakohitaji utulivu, na hatari kubwa ina jina: BitLocker, kufuli la Windows linaloifunga diski kwa ufunguo. Kompyuta mpya za Windows 11 mara nyingi husimba diski zenyewe kimyakimya mara tu unapoingia na akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha mambo ya kuwashia bila kujiandaa, siku inayofuata Windows itakuomba ufunguo wa tarakimu 48, na asiyekuwa nao hana data tena. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta ufunguo huo, uandike kwenye karatasi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya Windows, zima usimbaji wa kifaa, usubiri umalize kufungua diski yote. Kwenye diski kubwa huchukua muda. Zima pia ile iitwayo Fast Startup, kwa sababu huifanya Windows isizimike kabisa, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo hukataa kuandika humo. Halafu punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe kwa Disk Management, ukiachia Linux GB 100 au zaidi zikiwa tupu. Kabla ya yote hayo, nakili tasnifu na kila unachokithamini kwenye diski ya nje, kisha ufungue faili mbili tatu humo kuhakikisha nakala ni nzima.

Kisakinishi cha Mint kitakupa chaguo la kuweka Linux kando ya Windows. Kama hakikupi, au kinasema hakioni Windows, au hakioni diski kabisa, simama hapo. Usiende kwenye ugawaji wa mkono kwa kubahatisha. Baada ya kusakinisha utaona pia saa ya Windows imesogea, kwa sababu mifumo hii miwili huisoma saa ya ubao mama kwa namna tofauti. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 ndani ya Linux huiweka sawa.

Lini utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana? Diski ikiwa haionekani na unaambiwa ubadilishe mipangilio ya hifadhi kwenye BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha mashine, kwani badiliko hilo likifanywa vibaya Windows haiwaki. Windows ikiwa tayari inaomba ufunguo wa kurejesha nawe huna. Mashine ikizimika ghafla au kupata joto la kutisha hata ndani ya Windows, maana hapo kosa ni la kifaa na ni suala la dhamana; soma masharti yake, na uiache Windows iwepo wakati wa kuirudisha, kwa sababu watoa huduma wengi hupima kwa Windows tu. Na kama huna pa kuhifadhi nakala ya tasnifu, hilo lenyewe ni sababu ya kutosha ya kutokuanza leo.

Ukienda kwa fundi au kikundi cha watumiaji wa Linux, wapelekee picha ya yale matokeo ya lspci -nnk, namba ya kerneli, na jina kamili la modeli kama lilivyo chini ya kompyuta. Kwa hayo matatu watakusaidia kwa dakika chache. Na fundi akikuambia jambo la kwanza ni kufuta diski, mwambie asubiri kwanza, uchukue nakala.